Bustani ya Nyumbani: Wasomaji Wauliza Kuhusu Vabena ya Limau

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu mmea mmoja, vabena ya limau, kichaka ambacho jani lake moja likifikichwa mkononi harufu ya limau huenea chumba kizima. Tumechagua barua zinazogusa matatizo yanayowapata wengi, na tumezifupisha pale ilipobidi.

SWALI: Nilipewa mche bila kuambiwa jina lake, ila nikahakikishiwa kwamba majani yake hutiwa kwenye chai. Yananukia limau sana. Jirani mmoja anasema ni mchaichai, mwingine anasema ni melisa. Nitajuaje ukweli?

JIBU: Mchaichai ni rahisi kuutofautisha, ndugu msomaji, kwa sababu ni jamii ya nyasi: hauna matawi, huchipua kwa wingi kutoka ardhini, na majani yake ni marefu yenye kingo zinazoweza kukata ngozi. Melisa nayo ni ya jamii ya mnanaa. Shina lake lina pembe nne, jambo unalolihisi mara moja ukilivingirisha kati ya vidole, na majani yake ni laini, mapana, yenye meno pembezoni, nayo huota mawili mawili yakielekeana. Vabena ya limau ni kichaka chenye matawi magumu, na alama yake iliyo wazi kuliko zote iko kwenye vifundo vya tawi. Tazama mahali majani yanapochomoza, nawe utayaona matatu yamelizunguka tawi katika kimo kimoja, na mara nyingine manne. Kila jani ni jembamba, limechongoka nchani, lina urefu wa sentimita 8 hadi 10 likikomaa, na ukilipapasa utahisi linakwaruza. Maua yake ni madogo mno, meupe au ya zambarau iliyofifia, nayo hukaa kwa vishada kwenye ncha za matawi.

Majirani zako wanachanganywa na harufu, na hilo linaeleweka, kwa kuwa mafuta yaliyomo katika mimea yote mitatu yana sitrali, kemikali ileile inayochangia harufu ya limau lenyewe. Ndiyo maana macho na vidole ni mashahidi wazuri kuliko pua. Kitaalamu mmea wako, ikiwa una majani matatu matatu, huitwa Aloysia citrodora, ingawa utaukuta pia ukiandikwa Aloysia triphylla au Lippia citriodora katika vitabu vya zamani, na hilo ndilo jina la kuuliza utakapotafuta mche mwingine. Aloysia ni kumbukumbu ya Maria Luisa wa Parma, aliyekuja kuwa malkia wa Hispania, na mmea wenyewe ulipelekwa Ulaya katika karne ya 18 kutoka Amerika ya Kusini, ambako ndiko asili yake. Huko kwao ni kichaka cha mahali pa wazi penye jua. Nalisisitiza jambo hili mapema kwa kuwa karibu kila tatizo lililoletwa katika barua zinazofuata limetokana na kuutunza kama mboga ya majani, kwa maji mengi na mbolea nyingi.

SWALI: Nyumba yetu haina uwanja, tuna baraza tu. Je, mmea huu utakubali kuishi ndani ya chungu? Na udongo uwe wa namna gani?

JIBU: Utakubali bila shida, na kwa wale wanaoishi penye baridi kali chungu kinafaa kuliko ardhi, kwa kuwa kinahamishika. Mmea uliopandwa ardhini hufikia kimo cha mita 2 hadi 3, lakini wa chunguni hubaki mfupi kwa kuwa mizizi yake imezuiwa, na kwa kweli ufupi huo ni faida kwa mtu wa baraza. Sharti la kwanza ni jua. Chagua pembe inayopata jua la moja kwa moja kwa muda usiopungua saa 6 kwa siku. Kama baraza lako lina kivuli mchana kutwa, ni heri ukapanda melisa, ambayo huvumilia kivuli, kuliko kuutesa mmea huu.

Anza na chungu chenye upana wa sentimita 15 hadi 20, kisha kila mizizi inapoanza kutokeza kwenye matundu ya chini, uhamishie katika chungu kinachozidi kile cha awali kwa sentimita chache tu, hadi ufikie upana wa sentimita 30 au zaidi. Wengi huona ni kuokoa kazi kuupanda mche mdogo moja kwa moja katika chungu kikubwa, lakini udongo mwingi ambao mizizi haijaufikia hukaa na unyevu kwa siku nyingi, na mizizi huanza kuoza kabla haijaenea. Changanya mafungu mawili ya udongo tifutifu wenye mboji na fungu moja la mchanga wa chembe kubwa au changarawe ndogo. Ukimaliza kujaza, mimina maji na utazame: yanapaswa kuzama na kutoka chini kwa muda mfupi. Yakituama juu, ongeza mchanga. Chungu cha udongo wa kuchoma hukausha haraka kuliko cha plastiki, hivyo mtu mwenye mkono mwepesi wa kumwagilia atapona zaidi akitumia cha udongo. Wale wanaopanda ardhini penye udongo wa mfinyanzi wainue tuta, maana mmea huu haupatani kabisa na maji yanayotuama.

SWALI: Nautia maji asubuhi na jioni bila kukosa, lakini majani yanageuka manjano kuanzia chini na kudondoka. Nimeongeza maji, na hali imezidi kuwa mbaya.

JIBU: Acha kumwagilia leo hii, kisha utoe mmea chunguni taratibu ili uitazame mizizi yenyewe. Mizizi nayo inahitaji hewa. Udongo unapojaa maji muda wote, hewa hukosa nafasi, mizizi hudhoofika, ukungu huivamia, na mizizi iliyooza haiwezi tena kunyonya maji. Kwa hiyo majani hunyauka mithili ya mmea wenye kiu, na mwenye mmea, kwa huruma yake, huongeza maji. Mizizi mizima ni migumu na ina rangi ya kukaribia nyeupe. Iliyooza ni ya kahawia iliyokolea, inalegea, ganda lake linavuka ukiivuta kwa vidole viwili, na hunuka uvundo.

Kama sehemu kubwa bado ni nzima, kata iliyooza kwa mkasi safi, utupe udongo wa zamani, upande upya katika mchanganyiko mkavu kiasi, na upunguze matawi kwa takribani theluthi moja ili mizizi iliyobaki isielemewe. Uweke penye mwanga usio na jua kali kwa siku kadhaa. Baada ya hapo usifuate tena ratiba ya saa. Chomeka kidole katika udongo hadi sentimita 3 hivi: ukihisi unyevu, ondoka, ukihisi ukavu, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha uyamwage yaliyobaki katika kisahani. Chungu kidogo kilicho juani wakati wa joto kinaweza kuhitaji maji kila siku, na chungu hichohicho wakati wa baridi kinaweza kukaa wiki nzima au zaidi bila kuguswa.

SWALI: Baridi ilipoanza niliingiza chungu ndani, karibu na dirisha. Baada ya muda mfupi majani yote yalipukutika, na sasa vimebaki vijiti vitupu. Mume wangu anasema tuutupe. Je, umekufa?

JIBU: Mwombe mumeo asubiri, dada yangu. Hii ndiyo barua iliyotufikia kwa wingi kuliko zote, na nina hakika vichaka vingi vilivyo hai kabisa vimeishia jalalani kwa sababu hii moja. Vabena ya limau hupukutisha majani yake baridi inapoingia na mwanga unapopungua, na baada ya hapo hupumzika. Wanaoishi penye joto mwaka mzima hawalioni jambo hili, kwa kuwa kwao mmea hubaki na majani, na ndipo ilipotokea imani kwamba mmea usio na majani ni mfu. Hata ule uhamisho wenyewe, kutoka nje penye mwanga mwingi hadi ndani penye mwanga hafifu, unatosha kuupukutisha majani yote.

Ili uwe na uhakika, chagua tawi moja na ukwangue gome kidogo kwa ukucha, eneo lisilozidi ukubwa wa punje ya mchele. Ukiona rangi ya kijani kibichi yenye unyevu chini ya gome, tawi liko hai. Ukiona kahawia kavu, usikate tamaa bado. Shuka chini kidogo ukwangue tena, na uendelee hivyo hadi karibu na udongo, kwa sababu mara nyingi ncha hufa huku sehemu ya chini ikiwa salama, na kichaka kinaweza kuchipua upya kutoka kwenye shina la chini kabisa.

Kwa sasa kiweke mahali pa ubaridi wa kadiri pasipofikiwa na jalidi, yaani umande unaoganda kwa baridi. Chumba chenye joto la kukaa watu hakifai sana, maana joto huuamsha mmea wakati mwanga hautoshi, nao hutoa machipukizi marefu, meupe na dhaifu ambayo hayana maisha. Maji yawe kidogo mno, kiasi cha kuzuia udongo usikauke kabisa, kwa kuwa mmea usio na majani hauna pa kuyapeleka. Mbolea usitie hata kidogo. Na usipogoe sasa, hata kama vijiti vinakuudhi macho. Subiri macho ya majani yavimbe ndipo ujue kwa hakika lipi limekufa na lipi linaishi.

Subira itakayohitajika ni kubwa kuliko unavyodhani, kwa kuwa kichaka hiki huchelewa kuamka. Mimea mingine yote itakuwa imeshavaa majani mapya na hiki bado kitaonekana kuni. Usikihukumu kabla msimu wa joto haujakolea. Kikianza kuchipua, ongeza maji hatua kwa hatua, kata ncha zilizokufa hadi juu kidogo ya chipukizi la kwanza lenye afya, na ukitoe nje kwa awamu, saa chache siku ya kwanza na zaidi siku zinazofuata, kwa sababu majani yaliyoota ndani huungua yakikutana na jua kali ghafla.

Waliopanda ardhini penye majira ya baridi wafunike shina la chini kwa tabaka nene la majani makavu au nyasi kavu. Majani ya mmea huharibiwa hata na jalidi nyepesi, lakini mizizi na shina lililokomaa huvumilia nyuzi kadhaa chini ya sifuri ikiwa udongo hauna maji yaliyotuama. Na ikiwa unaishi mahali pasipo na baridi yoyote lakini majani yanapukutika, rudi ukatazame mambo matatu: ukame wa muda mrefu, kivuli, na mizizi iliyolowa kupita kiasi.

SWALI: Matawi ya mmea wangu ni marefu na yameinama, majani yamebaki nchani tu, na harufu imepungua. Naweka mbolea ya kukuzia kila wiki. Nimekosea wapi?

JIBU: Mbolea hiyo ndiyo sehemu ya tatizo. Harufu hutoka katika vitezi vidogo vya mafuta vilivyo kwenye majani, na mmea hutengeneza mafuta hayo vizuri ukiwa na jua la kutosha na chakula cha wastani. Nitrojeni nyingi, ile iliyomo katika mbolea za kukuzia, huusukuma mmea urefuke haraka na kutoa majani mapana, mororo, yenye maji mengi na harufu hafifu. Mboji kiasi cha viganja viwili juu ya udongo mwanzoni mwa msimu wa kukua inatosha kwa mmea wa ardhini. Wa chunguni uongezewe mbolea ya maji iliyozimuliwa vizuri kila baada ya wiki 3 au 4, kisha usimamishe baridi inapokaribia.

Pamoja na hayo, umeogopa mkasi. Mmea huu ukiachwa hukimbilia juu na kuacha miguu mitupu. Mwanzoni mwa msimu wa kukua, kata matawi yote kwa nusu ya urefu wake, kila moja juu kidogo ya kifundo. Kwa kuwa kila kifundo kina macho matatu, tawi moja ulilokata laweza kukupa mawili au matatu, na kichaka hujaa kutoka chini. Machipukizi mapya yakifikia urefu wa kiganja, dona ncha zake kwa vidole. Ncha hizo ndizo majani bora kuliko yote, kwa hiyo kupogoa na kuvuna ni kazi moja. Rudia kwa wepesi msimu wote, ila uache ukataji mkubwa wiki kadhaa kabla ya baridi, ili machipukizi mororo yasikutwe na jalidi.

SWALI: Majani yana vidoa vidogo vya manjano, na chini yake naona utando mwembamba kama wa buibui. Nipulizie dawa gani?

JIBU: Huo ni utitiri mwekundu, adui mkuu wa mmea huu unapowekwa ndani penye hewa kavu na ya joto. Kwa kuwa majani haya yanaliwa na kunywewa, anza na maji matupu: peleka chungu nje au bafuni, uyageuze matawi, na uyaoshe majani upande wa chini kwa maji yenye nguvu kiasi, ukirudia kila baada ya siku chache. Ikibidi, tumia maji yenye sabuni laini kidogo, kisha usuuze. Utaratibu huohuo hufaa pia dhidi ya vidukari na inzi weupe. Majani yaliyoharibika sana yakate tu, mmea utatoa mengine.

SWALI: Nimetafuta mbegu za vabena ya limau bila mafanikio. Kuna njia gani nyingine?

JIBU: Mbegu zake ni adimu kwa kuwa mmea huu hauzai mbegu kwa urahisi nje ya kwao, na zinazopatikana huota kwa shida. Njia inayotumika ni vipandikizi vya matawi. Msimu wa kukua ukiwa umechanganya, chagua ncha ya tawi changa lisilo na maua, ambalo linapinda bila kuvunjika, ukate kipande cha sentimita 10 hadi 12 chini tu ya kifundo. Ondoa majani ya chini, ubakize machache ya juu, nayo uyakate nusu ili yasipoteze maji mengi. Fanya kazi hii haraka, kwa sababu kipande kikinyauka mkononi ni vigumu kukirudisha.

Kichomeke katika mchanganyiko wenye unyevu wa mchanga na mboji nusu kwa nusu, ukihakikisha angalau kifundo kimoja kimezama, kisha ukifunike kwa mfuko mwangavu uliotegemezwa kwa vijiti ili usiguse majani. Kiweke penye mwanga lakini si juani, na uufungue mfuko kidogo kila siku hewa ipite, la sivyo ukungu utakutangulia. Mizizi hutoka kwa kawaida katika wiki 2 hadi 4. Utajua imetoka ukikivuta kipande kwa wepesi kikakataa, au ukiona majani mapya. Panda vipande kadhaa kwa pamoja, kwa maana si vyote vitakavyoshika. Na mtu anayeishi penye baridi kali afanye hivi kila mwaka, ili akiwa amempoteza mama abaki na mtoto.

SWALI: Majani huvunwa lini, na yakaushwe vipi yasipoteze harufu?

JIBU: Vuna asubuhi umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali. Harufu hukolea zaidi muda mfupi kabla ya maua kufunguka, lakini majani ya wakati wowote wa msimu yanafaa. Kata vitawi vizima badala ya kunyofoa jani mojamoja, uvifunge vichache vichache, uvitundike vichwa chini kivulini penye hewa inayopita. Jua hufukuza mafuta na kuyafanya majani kuwa ya kahawia. Jani likishakuwa kavu kiasi cha kukatika kwa mlio, lipukuchue na kulihifadhi zima katika chupa yenye kifuniko cha kubana, mbali na mwanga, na ulivunje siku ya kulitumia tu. Katika mimea yote ya harufu ninayoijua, huu ni miongoni mwa ile inayotunza harufu yake vizuri ikikaushwa, na hilo pekee linanifanya niupende.

Kwa kinywaji, majani mabichi manne au matano katika kikombe cha maji yaliyotoka kuchemka, yaliyofunikwa kwa dakika 5 hivi, yanatosha. Ukiyatia katika chakula chochote, yatoe kabla ya kuandaa au yakatekate hadi yawe unga, kwa kuwa jani ni gumu na linakwaruza mdomoni. Mama mjamzito na mtu anayetumia dawa za kila siku amwulize daktari kabla ya kufanya kinywaji hiki kuwa mazoea. Mafuta yaliyokamuliwa ya mmea huu ni jambo jingine kabisa: yasipakwe kwenye ngozi, maana huweza kuiwasha na kuifanya iathirike na jua.

SWALI: Tuna paka anayependa kutafuna mimea. Je, kuna hatari?

JIBU: Ndiyo. Mafuta ya majani yanaweza kumsumbua tumbo na kumtapisha paka au mbwa akila kwa wingi. Kiinue chungu mahali asipofika, au ukitundike.